Kigoda cha Mti Mbichi

Tarehe kumi na tisa Aprili mwaka wa 1954, mke wangu Rebeka alifariki nyumbani kwetu Maragoli, alikokuwa amekwenda kupanda mahindi. Mimi nilikuwa Dundori, kwenye shamba la mzungu, nikitengeneza lango la zizi. Barua ilinifikia baada ya siku sita. Alikuwa ameshazikwa. Lango lile nililimaliza siku hiyohiyo, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono yangu.

Ninyi vijana wa karakana hapa Free Area, Nakuru, mmeniomba niandike vile tulivyofanya useremala kabla ya mashine. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, kwa hiyo nitaandika kama ninavyozungumza. Na nitawasumbua kidogo, kwa maana sijui kutenganisha kazi na nyumba. Miaka ile nilikuwa na randa mkono mmoja na watoto wawili mkono mwingine. Yusufu alikuwa na miaka kumi mama yake alipokufa, na Zablon alikuwa na sita. Walikuwa wamebaki nami kwa ajili ya shule ya shamba.

Nianze na shavu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Kalasinga mmoja, Mhindi wa kilemba, mwenye karakana nyuma ya soko la Nakuru. Alikuwa na ndevu nyeupe na ulimi mkali. Siku ya kwanza alinipa vipande viwili vya mbao, akaniuliza kipi ni kikavu. Nikavishika, nikavipima uzito, nikavigonga. Nikakosea. Akasema, "Mkono ya fundi iko ngumu, hapana sikia. Weka hapa." Akachukua ubao akauweka kwenye shavu langu. Ubao wenye maji ni baridi shavuni, baridi kama sufuria iliyotoka kisimani. Mkavu hauna baridi hiyo. Mpaka leo sijaona chombo kinachoshinda shavu, na hata ninyi mnaoninyooshea vijimashine vyenu vya kupima unyevu mngefanya vizuri kulijaribu kwanza.

Jambo la pili alilonifundisha ni hili: kazi ya kwanza ya mwanafunzi haiuzwi. Hupelekwa kwa aliyemfundisha, naye huitumia mpaka iishe, hata kama ni mbaya. Na mkono mwingine hauigusi kuirekebisha. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kisanduku cha chumvi chenye kifuniko kilichopinda. Kalasinga alikiweka juu ya meza yake na kila mteja aliyeingia alionyeshwa. Nilikuwa nikiona aibu, lakini jioni nilipokuwa nikienda kulala nilikuwa nafurahi.

Kwa hiyo nilipopata watoto wa kiume wawili, nilijua ninachokisubiri. Nilisubiri kazi ya kwanza ya Yusufu.

Sasa niwaambie juu ya Mutiso. Alikuwa mpishi wa yule mzungu, Mkamba, mwembamba, mjane asiye na mtoto. Jiko lake lilitazamana na banda langu la useremala, na dirisha lake liliona kila nilichofanya. Nilimfahamu vizuri kwa sababu ya kosa langu moja. Nilitengeneza mlango wa chumba cha maziwa wakati wa kiangazi, nikaubana sawasawa na fremu yake, nikajisifu kwamba hata unyasi haupiti. Mvua zikaja. Mlango ukavimba, ukakataa kufunguka, na maziwa ya asubuhi yako ndani na lori la kuyapeleka mjini linanguruma nje. Alipita Mutiso kwenye kidirisha, peke yake, maana sisi wengine tulikuwa na mabega, akawa anatutolea mikebe mmoja mmoja huku akiuliza kama kuna fundi yeyote hapo nje anayejua milango. Watu walicheka. Rebeka alicheka mpaka akashika nguzo.

Vijana, acheni nafasi ya unene wa sarafu pembeni mwa mlango wa kiangazi. Hilo ndilo fundisho. Lakini mimi siku hiyo sikuwaza fundisho. Niliwaza kwamba mke wangu hajawahi kunichekea hivyo kwa jambo nililolifanya vizuri.

Rebeka alikuwa akimwita Mutiso "kaka". Alijifunza kwake kuoka mkate. Kwa kuwa mama yao alimwita kaka, watoto walimwita mjomba. Mnaotoka kwetu mnajua mjomba ni nani. Si mtu wa kupita tu. Mjomba ana neno lake katika maisha ya mtoto, baba apende asipende. Mama yao alipokuwa hai neno hilo lilikuwa mchezo. Alipokufa likawa kweli.

Asubuhi wale watoto walikuwa wakiamka na kutoka na vikombe vyao vya bati kwenda mlango wa nyuma wa jiko la Mutiso. Walirudi wameshakunywa uji. Nikaanza kuupika mimi mwenyewe ili wasiende. Zablon akaonja, akakiweka kikombe chini kwa upole, akasema, "Baba, huu ni mzuri. Lakini ule wa Mjomba ni kama wa Mama." Yusufu alimkanyaga mguu chini ya meza. Nilimwona akimkanyaga. Hilo ndilo liliniuma zaidi, kwamba yule mkubwa alikuwa ameshajua baba yake ni mtu wa kufichwa.

Nilijaribu kushindana kwa kazi yangu. Nikawatengenezea kitanda cha ghorofa cha mtarakwa, bila msumari hata mmoja, ulimi na tundu tupu, na ngazi ndogo ya kupandia. Watu walikuja kukitazama kutoka mashamba ya jirani. Watoto walikipenda kwa siku mbili. Siku ya tatu nikawakuta wameketi kwenye ngazi ya jiko la Mutiso, kila mmoja na kisu na kipande cha mti, vumbi la mbao magotini, naye anamenya viazi huku akiwaambia, polepole, kisu kifuate mti, mti usifuate kisu. Alikuwa amewachongea vifaru na twiga mpaka wakamwomba awafundishe.

Mtauliza kwa nini sikuwafundisha mwenyewe. Niliwafundisha. Nilimfundisha Yusufu randa kwa wiki moja, na kila alipokosea nilimpokonya nikamwonyesha, na nilipomwonyesha nikaimaliza mwenyewe. Mtoto hawezi kujifunza kwenye mikono ya mtu mwingine. Mutiso alikuwa na viazi vya kumenya, hakuwa na mkono wa kumpokonya mtu kitu. Hiyo ndiyo tofauti yetu yote, na ilinichukua miaka kuiona.

Mwisho wa mwaka wa 1955 tulisafiri kwenda Maragoli kuweka msalaba juu ya kaburi. Nilikuwa nimeutengeneza kwa mtarakwa, kwa sababu mchwa hawaupendi. Ilibaki kuchonga jina. Yusufu akasema tumpe Mjomba achonge, kwa kuwa mkono wake ni mzuri kwa mambo madogo. Nikasema jina la mke wangu nitalichonga mimi. Nikalichonga nikiwa na hasira, jioni moja, bila kuandika kwanza kwa penseli. Kwa fundi hilo ni kosa la mtoto: pima mara mbili, kata mara moja.

Tulipanda gari moshi Nakuru, daraja la tatu, nikiwa na barua ya ruhusa ya bwana mfukoni na msalaba umefungwa kwa gunia. Watoto walifurahi safari. Zablon alihesabu madaraja na kupoteza hesabu kila tulipofika stesheni. Njoro, Elburgon, Molo, baridi ikiingia madirishani. Mutiso alikuwa amewafungia mkate kwa kitambaa. Nilisema sina njaa. Londiani nikawanunulia ndizi na mayai, vingi kupita kiasi, wakala viwili vitatu kwa heshima, kisha wakarudi kwenye mkate. Walipolala, nilikula kipande. Ulikuwa mkate mzuri sana, nami nikakasirika nikitafuna.

Tulipokuwa tukishuka kuelekea Muhoroni gunia likafunuka kidogo. Yusufu akasoma, midomo ikicheza. Akasoma tena. Akanong'ona, "Baba, umeruka E."

Nilikuwa nimechonga RBEKA.

Hakukuwa na ubao mwingine. Nyumbani niliazima kisu cha ndugu yangu nikaibana E ndogo kati ya R na B, ndogo kama mdudu. Kila aliyefika kaburini aliitazama E ile kabla ya kulitazama jina. Wala Yusufu hakusema Mjomba angefanya vizuri zaidi. Alisimama tu pale, na mimi nikayasikia maneno hayo ingawa hakuna aliyeyasema.

Sasa nafika kwenye kigoda.

Mwaka uliofuata Yusufu alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliniomba kipande cha ubao mkavu kwa ajili ya kibao cha kukalia, nikampa mtarakwa mzuri. Hakusema ni cha nini. Miguu alijikatia mwenyewe kwenye mikaratusi ya mpakani, miti michanga iliyonyooka. Aliichonga kwa kisu kule kwenye ngazi ya jiko, akatoboa matundu kwa keekee yangu nilipokuwa zizini, akaleta vipande vyote bandani kuomba gundi.

Kwanza nilifurahi. Miguu mitatu iliyochongwa kama shingo za twiga, imekaa sawa mkononi. Nikajua hii ndiyo kazi ya kwanza. Nilikuwa nimemweleza ile sheria ya Kalasinga mara nyingi. Nikamuuliza, kama mtu asiyejali, kigoda hiki kitakwenda wapi.

Alitazama chini. "Kwa Mjomba," akasema. "Ndiye aliyenifundisha, Baba. Si ulisema ndivyo inavyokuwa?"

Nikasema ndivyo.

Alipokwenda kuchota maji nilichukua mguu mmoja nikauweka shavuni. Ulikuwa baridi kama chura.

Niwaeleze wale ambao bado mko wachanga. Mchongaji wa Ukambani hutumia mti mbichi, na ana haki, kwa kuwa mti mbichi ni laini kwa kisu na sanamu yake ni kipande kimoja. Lakini kigoda cha kuunganisha ni kitu kingine. Ukitia mguu mbichi kwenye tundu la ubao mkavu, leo utakaza mpaka ulie. Baada ya wiki chache mguu utakauka, utanywea, na tundu litabaki vilevile. Kitayumba, kisha kitaachia. Mutiso hakujua hilo. Mtoto hakujua. Hapo shambani alijua mtu mmoja.

Nilikirudisha kile kipande mahali pake. Yusufu aliporudi nikampa gundi, nikamwonyesha jinsi ya kuipasha moto, nikamsifu. Nilifanya hivyo nikijua. Sikuchanganyikiwa wala sikusahau. Nilitaka kiachie, ili mtoto ajue kwamba kuchonga si useremala, na kwamba baba yake si mtu wa kuombwa gundi tu. Rebeka angekuwepo nisingethubutu, lakini ni kweli pia kwamba Rebeka angekuwepo sijui angecheka na nani, mimi au Mutiso.

Mutiso alikipokea kwa mikono miwili. Kila asubuhi nilimwona kupitia dirisha lake amekikalia akimenya viazi. Nami nikihesabu wiki. Nilikuwa nikipiga randa huku nimegeuza uso upande wa jiko.

Wiki ya tano, mchana, watoto wakiwa shuleni, Mutiso akaja bandani na kitu ndani ya gunia la unga. Aliingia akafunga mlango. Akamwaga juu ya meza yangu kibao kimoja na miguu mitatu. Kiwiko chake kilikuwa kimechubuka.

Alicheka kidogo. Akasema alijikuta chini sakafuni na karai la maganda kichwani, na memsahibu akadhani ni tetemeko. Kisha akaacha kucheka.

"Fundi, nirekebishie kabla watoto hawajatoka shule. Yusufu asijue."

Nilisema siwezi, kazi ya kwanza haiguswi na mkono mwingine. Nikajisikia nimepata neno zuri. Nikaongeza kwamba miti ilikuwa mibichi.

"Najua unajua," akasema. "Nilikuona siku ile. Uliuweka shavuni."

Dirisha lake lilikuwa pale, nami nilikuwa nimesahau kwamba nalo linaniona.

"Mimi sikuelewa ni nini," akaendelea. "Nikasema, huyu ni fundi, kama kuna ubaya atamwambia mtoto wake. Leo nikiwa pale chini ndipo nilielewa."

"Kwa nini wanakuja kwako?" nikamuuliza. Nilikuwa nimelibeba swali hilo miaka miwili, na lilitoka kwa sauti mbaya. "Uji wangu una nini? Nani alikuambia uwalishe watoto wangu?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe.

"Mama yao. Siku anapanda lori kwenda nyumbani kupanda mahindi. Alinionyesha uji wake, akasema, kaka, uwachemshie asubuhi, huyu bwana wangu ataunguza. Uwachemshie mpaka nirudi." Akaokota mguu mmoja wa kigoda, akaurudisha mezani. "Hajarudi, Fundi. Sasa mimi niache siku gani?"

Akatoka akaacha gunia lake.

Ningependa kuwaambia kwamba nililia na moyo ukawa mweupe. Hapana. Wivu ulizidi. Niliketi pale nikiwaza: alikwenda kwake, hakuja kwangu. Siku ya mwisho nilipomwona mke wangu, alikuwa na neno la watoto, akampa mpishi. Na tena alikuwa na haki, kwa maana uji niliunguza kweli. Nilibaki na vile vipande mpaka niliposikia sauti za watoto njiani.

Ningeweza kuvificha. Ningeweza kutengeneza miguu mingine usiku mmoja, sawasawa na ile, na hakuna ambaye angejua. Mikono yangu iliweza. Nilimwita Yusufu peke yake.

Nikamwambia kigoda kimeachia kwa sababu miguu ilikuwa mibichi, na kwamba nilijua siku ileile nikampa gundi nikanyamaza.

Akauliza kwa nini. Nikasema nilitaka kimvunjikie.

"Kinivunjikie mimi ama Mjomba?"

"Wote wawili," nikasema.

Alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Aliipanga ile miguu kwenye meza, mmoja kando ya mwingine, kana kwamba mpango ndio muhimu. Hakunitukana, hakulia. Mwisho akaniuliza kama nina mti mkavu. Nilikuwa na mzeituni mwitu uliokaa miaka mitatu juu ya moshi wa jiko letu, tangu wakati wa mama yake. Nikaushusha. Akauchukua, akauweka shavuni. Sikuwa nimemwonyesha. Labda aliniona siku nyingi, kama yule mwingine.

Ule mti ni mgumu na alichubuka vidole. Ilimchukua siku nane. Mimi nilikaa juu ya mikono yangu, nasema kweli, niliikalia mikono yangu kwenye benchi ili nisimpokonye. Nilimwambia mambo mawili tu. Kwamba ncha ya mguu ichanwe ipokee kabari. Na kwamba kabari ikatishe nyuzi za kibao, isizifuate, la sivyo itakipasua katikati. Lishikeni hilo hata kama mengine yote mtayasahau.

Alipomaliza alikikalia mara moja. Kisha akakibeba, akavuka uwanja, akakirudisha kwa Mutiso. Nilijua angefanya hivyo na bado nilitazama mpaka alipoingia mlangoni, nione kama atageuka.

Mwaka wa 1958 mzungu yule aliuza shamba. Mutiso akaamua kurudi kwao Ukambani. Tulimsindikiza mpaka stesheni ya Nakuru, mimi na watoto. Gari moshi lilichelewa. Wengine walikalia mizigo yao, yeye akakalia kigoda chake katikati ya jukwaa, kimetulia kama jiwe, akawachekesha watoto. Mimi nilikuwa nikiitazama ile miguu. Haikuyumba.

Gari lilipokuja alipanda, Yusufu akampitishia kigoda dirishani. Mutiso akainama, akaniita nisogee, maana kulikuwa na kelele.

"Unga wa uji uuloweke jana yake, Fundi. Uchachuke kidogo. Ndivyo alivyonionyesha."

Gari likaondoka. Zablon alipunga mkono mpaka jukwaa likabaki na sisi tu.

Jioni hiyo niliuloweka unga wa wimbi kwenye chungu cha Rebeka, nikaufunika. Asubuhi nikaukoroga kwa moto mdogo, nikausimamia, haukuungua. Nikawamiminia. Yusufu alikunywa. Zablon akanywa, akakishusha kikombe, akanitazama kwa furaha.

"Huu ni uji wa Mjomba," akasema.

Nikachukua upawa, nikamwongezea.